UCHANGANUZI: Vifaa vya kuchunguza seva visiachwe kuwa chanzo cha kuziangusha

YEYOTE aliyekuwa akikesha na kompyuta yake usiku wa kuamkia Sikukuu ya Jamhuri, Desemba 12, 2024, huenda anakumbuka kwamba ChatGPT ilikataa kumjibu. Huduma hiyo ya kampuni ya OpenAI ya Marekani ilianza kuyumba saa nane na dakika 16 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika 38 asubuhi ndipo huduma zote za kampuni hiyo zilipotengemaa kabisa.

Mikasa ya aina hii inapotokea, fikra ya kwanza ya wengi huwa ni kwamba wahalifu wa mitandaoni wamevamia. Mara hii hapakuwa na mhalifu. Kilichoiangusha mitambo hiyo ni huduma mpya iliyowekwa na wahandisi wenyewe, kwa nia njema ya kuichunguza mitambo hiyo hiyo ili ijulikane inafanya kazi vyema kiasi gani.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Kisa hicho kina uzito kwetu hapa nchini kuliko inavyodhaniwa. Mnamo Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua zaidi ya huduma 5,000 za serikali katika mtandao wa eCitizen, na idadi hiyo imeongezeka tangu wakati huo. Hospitali, vyama vya akiba na mikopo, vyuo vikuu na benki navyo vimeweka kumbukumbu zao katika hifadhidata zinazotumiwa kwa pamoja na idara chungu nzima. Karibu kila moja ya hifadhidata hizo ina kifaa kinachoichungulia usiku na mchana. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kifaa chenyewe kinakula kiasi gani cha nguvu za mtambo kinaoulinda.

Kwa mujibu wa maelezo ambayo OpenAI iliyatoa baada ya mkasa huo, dakika nne kabla ya matatizo kuanza wahandisi walikuwa wamesambaza huduma ya kukusanya vipimo vya kina kutoka kwa Kubernetes, yaani mfumo unaoongoza makundi ya maelfu ya mashine zao. Huduma hiyo iliwekwa kwa namna ambayo kila mashine katika kundi ilianza kuuliza maswali mazito kwa seva chache za uongozi. Uzito wa maswali hayo ulipanda kadiri kundi lilivyokuwa kubwa. Seva hizo zikazidiwa, na makundi makubwa yakabaki bila uongozi.

Mtu atauliza, je, hawakuifanyia majaribio? Waliifanyia, tena bila kasoro yoyote kuonekana. Ila walijaribu katika kundi dogo, na mzigo huu ulikuwa wa aina inayojificha mahali padogo na kujitokeza mahali pakubwa. Isitoshe, mashine zilikuwa zimehifadhi kwa takriban dakika 20 anwani za wenzao wanaowasiliana nao, hivyo basi madhara yalichelewa kuonekana huku huduma hiyo ikizidi kusambazwa. Anwani hizo zilipopitwa na wakati, kila mashine ilitaka mpya, na aliyepaswa kuzitoa alikuwa amelala chini.

Sehemu inayosikitisha zaidi ni hii. Wahandisi walitambua chanzo mapema, lakini hawakuweza kukiondoa, kwa maana ili kuiondoa huduma hiyo walihitaji kupitia katika seva zile zile zilizokuwa zimezidiwa. Ni kama ufunguo wa ghala kufungiwa ndani ya ghala. Ilibidi wapunguze ukubwa wa makundi, wazuie maombi yasifike kwa seva za uongozi na kuziongezea seva hizo nguvu, hadi mwanya ukapatikana.

Hapa nchini tulionja jambo linalofanana na hilo, japo kutoka upande wa pili. Mnamo Julai 2023, mtandao wa eCitizen ulitatizwa kwa siku kadhaa. Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali, alieleza Julai 27 kwamba washambulizi walijaribu kuusonga kwa maombi mengi kupita kiasi. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Abiria wa treni walishindwa kukata tiketi, waliotaka kulipia umeme kwa simu wakakwama, na serikali ikalazimika kuahidi wageni kuwa wangepewa visa wakishawasili.

Tofauti kati ya mkasa wa eCitizen na ule wa OpenAI ni nia na mlango. Katika kisa kimoja maombi yalitoka nje kwa adui, katika kingine yalitoka ndani kwa mlinzi. Kwa seva, ombi ni ombi. Mama anayesubiri stakabadhi ya hospitali dirishani hawezi kujua kama aliyeizima ni mvamizi au ni afisa wa kompyuta aliyetaka kuchora grafu nzuri kwa ajili ya mkutano wa Jumatatu.

Ili kuelewa jinsi uchunguzi unavyogeuka mzigo, chukua mfano wa masjala ya ardhi katika enzi za mafaili ya karatasi. Karani ni mmoja na foleni ni ndefu. Kisha anakuja mkaguzi aliyetumwa kupima kasi ya kazi. Kila baada ya dakika moja anamwuliza karani: una mafaili mangapi kwenye rafu, ni yapi yamefunguliwa, nani ameyashika, na kila moja lina kurasa ngapi? Karani mtiifu anaiacha foleni, anapanda ngazi na kuanza kuhesabu. Jioni mkaguzi anaandika ripoti kwamba karani huyu ni mzembe na foleni yake haisongi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi katika MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata zinazotumiwa sana duniani. Katika matoleo ya kale, kifaa cha uchunguzi kilipouliza tu orodha ya majedwali na ukubwa wake, programu hiyo ilichukua fursa hiyo kupiga upya hesabu za takwimu za kila jedwali. Penye majedwali kumi hakuna aliyehisi lolote. Penye seva moja iliyobeba tovuti za wateja mamia, kila mmoja na majedwali yake, swali hilo dogo lilifungua maelfu ya majedwali kwa mpigo.

Balaa lenyewe halikuishia katika ucheleweshaji. Takwimu hizo ndizo zinazotumiwa na hifadhidata kuamua njia ya mkato ya kutafuta jibu. Zinapobadilika ghafla, ombi lililokuwa likijibiwa kufumba na kufumbua laweza kuelekezwa njia ndefu na kuchukua dakika nzima, ilhali hakuna aliyegusa ombi hilo wala data yake. Wasanidi wa MySQL walikuja kuuzima mtindo huo katika toleo la 5.6 lililoidhinishwa rasmi Februari 2013, ukabaki kuwa hiari ya msimamizi. Hata hivyo, mitambo mikongwe haistaafu kwa sababu toleo jipya limetoka.

Redis, hifadhi nyingine maarufu, ina amri inayomwezesha mtaalamu kuona kila ombi linalopita wakati huo huo linapopita. Mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba mtazamaji mmoja tu wa namna hiyo aweza kupunguza kazi ya seva kwa zaidi ya nusu. Onyo hilo limeandikwa waziwazi, lakini anayesoma mwongozo saa nane za usiku huku wakuu wake wakimpigia simu ni nani?

PostgreSQL nayo ina mtego wake. Kwa kawaida huruhusu miunganisho 100 kwa wakati mmoja, na kila kifaa cha uchunguzi huchukua nafasi yake humo kama mteja mwingine yeyote. Kikifungua muunganisho mpya kila kinapopima, na vipimo vya awali vikiwa bado vinasubiri majibu, nafasi hujaa kwa watazamaji na wenye shida wakafungiwa nje. Kikianzisha muamala na kusahau kuufunga, kazi ya kusafisha masalia ya data iliyofutwa au kubadilishwa hukwama, majedwali yakazidi kuvimba siku baada ya siku. Waliobuni programu hiyo walifanya jambo moja la busara: walitenga nafasi tatu ambazo hakuna anayeweza kuzichukua isipokuwa msimamizi mkuu, ili siku ya mkosi apate mlango wa kuingilia. Ole wake aliyekipa kifaa cha uchunguzi nywila ya msimamizi mkuu, kwa maana atakuwa amempa mgeni ufunguo wa mlango huo pia.

Hesabu ya mzigo huu haihitaji shahada. Tuseme shirika lina mashine 300, kila moja ikiuliza hifadhidata ya pamoja maswali 20 kila baada ya sekunde 15. Hayo ni maswali 24,000 kwa dakika kabla ya mwananchi wa kwanza kubofya kitufe.

Lakini si lazima kifaa cha uchunguzi kiulize maswali mengi ndipo kilete maafa. Mkasa uliowakumba wateja wa Amazon mnamo Oktoba 22, 2012, katika kituo chake cha jimbo la Virginia, unathibitisha hilo. Kila seva ya kuhifadhi data ilikuwa na programu ndogo ya kupeleka taarifa za hali yake kwa seva za kukusanya ripoti. Seva moja ya kukusanya ripoti iliharibika, ikabadilishwa na anwani yake ikasahihishwa. Bahati mbaya, usahihisho huo haukuzifikia mashine zote.

Zile ambazo hazikupata anwani mpya ziliendelea kubisha mlango wa nyumba isiyo na mtu. Kwa kuwa ripoti hizo hazikuchukuliwa kuwa za muhimu, mfumo ulikuwa umeundwa kuvumilia zikikosekana, na hakuna king'ora kilicholia. Kumbe kila jaribio lililoshindwa lilikula chembe ya kumbukumbu ya mashine na kutoirudisha. Chembe hizo zilirundikana kimyakimya hadi seva zikakosa pumzi, na diski za wateja zikakwama pamoja na hifadhidata zilizokuwa juu yake. Reddit na Foursquare zilikuwa miongoni mwa tovuti zilizoathirika.

Kitu kidogo kisichohesabiwa kuwa cha maana kiliweza kuuangusha mtambo wa maana kwa sababu vyote viwili vilikula sahani moja. Kwa maoni yangu, hilo ndilo funzo ambalo wanunuzi wa mitambo ya umma hawajalizingatia. Katika hati nyingi za zabuni, kifaa cha uchunguzi huorodheshwa kama pambo la mwisho, baada ya mitambo yenyewe na mafunzo ya wafanyakazi, kana kwamba kinaishi kwenye sayari nyingine.

Sasa, mtaalamu aliyeitwa usiku atajuaje kwamba mwizi ni mlinzi? Dalili ya kwanza huwa ni saa. Wateja wa kibinadamu hawaji kwa mpangilio. Huja wengi saa tatu asubuhi, wakapungua wakati wa chakula cha mchana, wakaja tena. Mzigo unaopanda kila baada ya dakika moja kamili, au kila baada ya dakika tano, mchana sawa na usiku, ni wa mashine. Mtambo unaolemewa saa tisa za usiku siku ya Jumapili, wakati hakuna mteja, unastahili kutiliwa shaka zaidi.

Dalili ya pili ni orodha ya waliomo. Kila hifadhidata inayoheshimika inaweza kuonyesha ni nani ameunganishwa, anauliza nini na ameanza lini. Tatizo ni kwamba katika mashirika mengi kila kitu huingia kwa jina moja la mtumiaji na nywila moja, iwe ni programu ya malipo, kifaa cha uchunguzi au kijana wa mafunzo ya kazi. Orodha hiyo basi humwonyesha mtaalamu watu mia moja wenye sura moja. Kukipa kifaa cha uchunguzi jina lake hakugharimu shilingi hata moja, na kwaweza kuokoa usiku mzima.

Kisha huja hatua ambayo wengi huiogopa, nayo ni kukizima kifaa chenyewe na kungoja. Hofu hiyo inaeleweka. Nani atathubutu kujifumba macho wakati wa dhoruba? Wengi hufanya kinyume: huongeza vipimo, hukaza kasi ya kupima, huwasha daftari la kuandika kila tukio, na diski inajaa. Wanammwagia petroli mgonjwa wa moto kisha wanashangaa mbona anaungua.

Kuongeza nguvu za mashine nako si tiba ya uhakika. Kampuni ya michezo ya Roblox iliyumba kwa saa 73 kuanzia Oktoba 28, 2021, kwa sababu ya matatizo katika Consul, hifadhi ya pamoja ambayo huduma zake ziliitumia kujuana na kupashana hali zao za afya. Wahandisi walihamia mashine kubwa zaidi wakitarajia nafuu, hali ikazidi kuwa mbaya. Baadaye ilibainika kwamba miongoni mwa chanzo ni kipengele kipya kilichobuniwa, ajabu ya Mungu, ili kupunguza mzigo. Fauka ya hayo, baadhi ya vifaa ambavyo vingewaonyesha chanzo vilitegemea hifadhi ile ile iliyokuwa mahututi. Mgonjwa alipozimia, daktari naye alizimia.

Ugumu unaongezeka pale hifadhidata inapotumiwa na idara nyingi. Anayeweka kifaa huwa si anayeumia. Idara ya mipango huweka kifaa chake ili ipate takwimu, na idara ya malipo ndiyo inayopokea simu za wateja wenye hasira. Mhandisi wa malipo hukagua programu yake kwa siku mbili asipate kosa, kwa maana kosa halimo humo. Hana habari kwamba jirani amealika mgeni.

Ni sharti hapa niseme jambo ambalo wasimamizi wa mitambo hawatalifurahia. Ukweli kwamba uchunguzi waweza kudhuru usigeuzwe kisingizio cha kukataa kuchunguzwa. Wakenya wengi walilizoea neno seva mnamo 2017, Mahakama ya Juu ilipoamuru Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kuwapa walalamishi fursa ya kusoma taarifa katika seva zake bila uwezo wa kuzibadilisha. Tume ilitaja usalama wa mitambo. Katika uamuzi wa Septemba 1, 2017 uliobatilisha uchaguzi wa urais, majaji walio wengi waliona kuwa agizo hilo halikutimizwa ipasavyo, na tume haikunufaika na ukaidi huo.

Hoja ya usalama si ya kupuuzwa, ila ina jibu la kiufundi, nalo ni nakala. Mkaguzi wa masjala halazimiki kumsumbua karani ikiwa kuna rejista ya pili inayojazwa sambamba na ya kwanza. PostgreSQL imeruhusu usomaji katika nakala hai tangu toleo la 9.0 la mwaka wa 2010, na MySQL ilikuwa na uwezo kama huo kabla yake. Katika uchaguzi wa 2022, tume iliweka picha za Fomu 34A za vituo vya kura katika tovuti iliyo wazi, na kila aliyetaka akajumlisha mwenyewe kwa kalamu au kwa kompyuta. Maelfu ya macho yalisoma nakala, na aliyekuwa na kazi ya kujumlisha hakuhitaji kuinua kichwa kumjibu kila mmoja.

Nakala hainyamazishi kila shida, kwa sababu afya ya mtambo mkuu haiwezi kupimwa yote katika kivuli chake. Vipimo vinavyobaki ndivyo vinavyohitaji mipaka. Kifaa cha uchunguzi kipewe idadi ya miunganisho kisichoweza kuivuka na muda ambao swali lake likizidi linakatwa. Kiingizwe kidogokidogo, mashine chache kwanza, na kukaa kuvizia kwa muda unaozidi ule ambao anwani na majibu huhifadhiwa. Zile dakika 20 za OpenAI hazikuwa muda mrefu, lakini zilitosha kuficha kosa. Kampuni hiyo iliahidi baadaye kusambaza mabadiliko kwa awamu na kuweka njia ya dharura ya kuzifikia seva za uongozi hata zinapolemewa.

Kuna suala la fedha pia, ambalo wauzaji wa vifaa hivi hawapendi lizungumzwe. Wengi wao hulipwa kwa wingi wa data inayokusanywa. Mwuzaji anayelipwa kwa kipimo hana sababu ya kumshauri mteja apime machache. Afisa wa ununuzi, naye, huvutiwa na kifaa chenye michoro mingi ya rangi. Mwenye kuumia kwa mashauriano ya hao wawili hayumo chumbani.

Ndipo kamati ya zabuni inapopaswa kuuliza maswali machache kabla ya kutia sahihi. Kifaa hiki kikiwa na shughuli nyingi zaidi, kinakula sehemu gani ya nguvu za hifadhidata, na nani alipima hilo katika mtambo wenye ukubwa wa wetu? Kikishindwa kupeleka ripoti zake, kinafanya nini na majaribio yake? Kinaingia kwa jina gani? Na katika wizara au kaunti hii, ni nani kwa jina na nambari ya simu aliye na uwezo wa kukizima saa nane za usiku bila kungoja barua kutoka kwa mkurugenzi, na je, kitufe anachotumia kinapita katika mtambo ule ule utakaokuwa umeanguka?